Wa Kuitika Upande wa Mashariki

Hotuba iliyotolewa mbele ya lango la makaburi ya cité ya Kamina, Jumamosi tarehe 29 Septemba 1956, katika kumuaga karani Abner Umba

Bwana Agent wa Territoire. Bwana Constant Kisimba, Chef wa Centre yetu. Mon Père wa misioni, na wewe Pasteur Esdras. Waheshimiwa wa baraza. Wazee wa mitaa. Akina mama mlioacha mihogo juani mkaja. Na ninyi ndugu mliosimama nje ya ua kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote, wenye vyeo kwa vyeo vyao na wasio na vyeo kwa majina yao.

Chef Kisimba ametoka kutangaza hapa, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba barabara mpya ya kwenda Base, kambi kubwa ya jeshi, itapindishwa upande wa bonde, nayo haitapita juu ya makaburi ya mashariki. Ameweka sharti moja. Siku ya ukaguzi, makaburi yaliyo katika njia ya barabara yataitwa moja moja, na kila kaburi liwe na mtu aliye hai wa kuitika. Kaburi litakaloitwa likakosa wa kuitika litahesabiwa kuwa udongo mtupu. Na kwa kuwa barabara ni pana kuliko kaburi, palipo na pengo moja itapita hapo hapo, pamoja na majirani wa hilo pengo. Narudia maneno haya kwa sababu Chef alipokuwa akiyasema, makofi yalianza kabla ya sharti.

Kamati imeniomba niseme machache, na sijidanganyi kuhusu sababu. Wakatoliki hawakutaka aseme Mmetodisti, Wametodisti hawakutaka aseme Mkatoliki, na ofisi ingependa asiseme mtu yeyote. Ndipo wakakubaliana juu ya mwandishi wa gazeti, ambaye pande zote hazimwamini kwa kiasi kilekile. Nimekubali. Kazi yenyewe ni kumuaga karani wetu, Abner Umba, atakayepanda treni ya Bukama Jumatatu. Ni uhamisho wa kawaida. Nimeuliza mara mbili, na mara mbili nimejibiwa hivyo, kwa hiyo nasema hivyo.

Wote mnajua kilichotokea mwezi wa saba, lakini mnakijua kwa namna nyingi, na mojawapo, niliyoisikia jana sokoni, ina simba ndani yake. Hakukuwa na simba. Yaliyokuwako ni haya.

Tangu Base ilipoanza kujengwa, watu wameingia Kamina kuliko nyumba zilizopo: waashi, madereva, wake za askari waliokosa nafasi kambini. Wanalala jikoni kwa watu, wanalala kwenye baraza, wanalala katika vibanda vya matofali mabichi nyuma ya nyumba zenu. Baraza likaamua kwamba kila mahali pa kulala pasipo na kibali paandikishwe, la sivyo pabomolewe. Karani Abner akapewa kazi ya kuandika tangazo kwa Kiswahili.

Sasa, Abner alisoma shule ya Wametodisti, na anacho Kiswahili cha vitabu, kile cha pwani, ambacho hakuna mtu wa Kamina aliyezaliwa nacho. Katika Kiswahili hicho, mahali pa kulala panaweza kuitwa malalo. Ni neno zuri, na kitabuni ni neno sahihi. Akaliandika. Lakini hapa kwetu, ni nani asiyejua malalo ni nini? Tumesimama mbele yake: ni makaburi. Mtu wa Kamina akisema ametoka ku malalo, tunampa maji anawe mikono. Hatumuulizi kama alilala vizuri.

Siku ya Ijumaa polisi alisimama sokoni akasoma kwa sauti: malalo yote yasiyoandikishwa yatabomolewa, na kila mwenye malalo aweke alama yake kabla ya Jumatatu. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa nyuma ya beseni lake, alimwuliza:

“Baba, hata ya batoto badogo?”

Polisi akaitazama tena karatasi, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu.

“Inasema yote, mama.”

Basi Jumamosi ile, tarehe 14 Julai, cité nzima, watu wa mitaa yote, ilihamia hapa. Mnakumbuka mahali hapa palivyokuwa. Majani yalikuwa marefu kuliko mtu, vichuguu vimeinuka katikati ya watu wetu kama nyumba za wageni, na mbuzi walikuwa na njia zao ambazo walizijua vizuri kuliko sisi. Watu walikuja na majembe, na mapanga, na viberiti. Walileta kokoto za kando ya reli, matofali, chupa, beseni kuukuu zilizotobolewa matako ili mwizi asizitamani. Ndugu waliokuwa hawasemezani tangu kugawana shamba walijikuta wamepiga magoti pande mbili za kaburi moja. Na kelele! Wanaosema kwamba makaburini hunyamazwa hawakuwapo siku ile. Mzee mmoja alimpigia kijana kelele juu ya kaburi la babu yake:

“Weye! Unalimia mu kichwa ya nkambo yangu!”

“Nkambo yako aliisha kuwa mufupi hivi?” kijana akajibu. “Huyu ni wa kwetu. Angalia miguu inafika wapi.”

Mchana, Abner akafika kwa baiskeli. Ofisini hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuandikisha kibanda. Badala yake ofisi iliona moshi mkubwa upande wa makaburi, ikamtuma aulize. Aliuliza mtu wa kwanza aliyemkuta langoni, na nilikuwa karibu, nikaona uso wake alipojibiwa. Angeweza kurudi ofisini akasema kwamba watu wanasafisha makaburi kwa hiari yao. Ingekuwa karibu na kweli. Alipanda juu ya kichuguu, akavua kofia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye miembe ya misioni:

“Ndugu zangu, neno ni langu, na nimekosa. Tangazo si la makaburi. Ni la nyumba za kulala. Ni malalo ya bazima.”

Majembe yakasimama, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha Philémon Kitwa, ambaye ni mkulima wa hapa na mnamwona pale amesimama karibu na nguzo, akainua jembe lake.

“Bwana karani, muntu muzima iko na malalo? Huyo basi alikufa lini?”

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na Abner alikipokea bila kushuka. Akawaambia kwamba wanaweza kurudi nyumbani.

“Turudi?” akasema Philémon. “Jasho iliisha kutoka. Tumalize.”

Wakaendelea. Na hapo, kutoka upande wa mashariki, mwanamke mmoja akauliza bila kuinua sauti:

“Na hizi vijiti? Hizi njo malalo ya nani?”

Aliyeuliza ni Mama Lucienne Kyabu. Yuko hapa mbele, amevaa kitambaa cheupe, na hapendi kutazamwa, kwa hiyo nitazameni mimi. Alikuwa amefyeka majani akavikuta vijiti vya wapimaji, vyenye vichwa vyekundu, vimepangwa kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni mpaka ndani. Kimojawapo kilikuwa kimepigwa karibu na kichwa cha mume wake. Hakuna aliyekuwapo aliyejua vijiti hivyo. Jumatatu yake niliuliza ofisini, nikaambiwa: ni barabara ya Base, wapimaji walipita mwishoni mwa mvua, waliambiwa kwamba upande wa mashariki ni mtupu.

Ni nani aliyewaambia? Hilo ndilo swali lililonileta hapa mara nyingi, na jibu lake halina mtu mmoja ndani yake. Mnajua jinsi mahali hapa pamegawanyika. Magharibi wamelala Wakatoliki, katika udongo uliobarikiwa. Kaskazini wamelala Wametodisti. Mashariki waliwekwa wengine wote: wasiobatizwa, wageni, vibarua wa reli waliokufa wakati njia inajengwa na baadaye, watu ambao jina lao lilijulikana na rafiki mmoja, naye rafiki akahamishwa. Mashariki hakuna misalaba. Kwa hiyo aliyetazama akatafuta misalaba akasema hakuna watu.

Nilienda kuuliza mahali hapa panatunzwa na nani. Misioni wakaniambia kwamba wao hutunza roho na udongo uliobarikiwa, mengine ni ya Centre, kwa Chef. Centre wakasema ni ya Territoire, ofisi ya Bwana Agent. Territoire wakasema niwaulize watu wa kazi za barabara na majengo. Hao nao wakasema, na ni kweli, kwamba wao hujenga, hawalindi. Kila mmoja alinijibu kwa adabu, kila mmoja alikuwa na sababu, na kila mmoja alinyoosha kidole kuelekea mlango wa jirani. Mbuzi peke yao ndio hawakuuliza mahali hapa ni pa nani.

Na ukaguzi? Ulikuwapo. Kila mwaka ofisi moja iliandika kwamba hali ya makaburi ni nzuri. Sitaitaja ofisi hiyo, kwa kuwa naona waheshimiwa wanne wameanza kutazamana. Aliyeandika hakusema uongo wote. Aliyatazama makaburi kutoka barabarani, na kutoka barabarani, hasa baada ya mvua, majani haya ni mazuri sana.

Nisemeje basi juu ya Mama Lucienne bila kumfanya awe kitu ambacho si yeye? Yeye ni Mkatoliki wa kwetu, mkulima wa mihogo. Mume wake, Mwenze, alitoka Mulongo, kwenye maji na samaki, akaja kufanya kazi ya reli. Alikufa mwaka wa 1934 kwa homa ya mapafu, kabla hajamaliza mafundisho ya ubatizo, kwa hiyo alizikwa mashariki. Nilimwuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nilitegemea jibu ambalo wajane huwapa waandishi. Akaniambia:

“Alikuwa muntu wa matata. Akirudi ku kazi, hata kuku zilikuwa zinajificha. Lakini ni wangu, na matata yake si ya barabara.”

Anachoomba ni kwamba camion, malori ya Base, zisipite juu ya mtu huyo. Ombi lake lote ni hilo. Hajaomba saruji, hajaomba msalaba, na hajaomba mtu yeyote aombe radhi.

Mwezi wa nane mambo yalifika ofisini, mbele ya Bwana Agent. Walikuwapo Chef, wazee, Mama Lucienne, Philémon, na Abner kama mkalimani kati ya Kifaransa na Kiswahili. Bwana Agent aliuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza. Alisema: ninyi mlikuja tarehe 14, kwa sababu ya neno lililokosewa, mkaweka mawe kila mahali. Mawe hayo yana umri wa wiki chache. Ni nani ataniambia kwamba chini ya kila rundo kuna mtu, na kwamba hayakuwekwa kuzuia barabara?

Kosa la neno moja liliwaleta watu kwenye makaburi yao, na kosa lilelile likafanya alama zao zisiaminike. Na aliyeongeza moto alikuwa wa kwetu. Philémon alisimama, akakunja kofia yake mkononi.

“Bwana, chini ya mawe yangu, pa mbili hakuna muntu.”

Akaulizwa maana yake. Akaeleza kwamba nkambo yake alizikwa mashariki wakati yeye bado mtoto, na kwamba siku ya majembe hakukumbuka ni wapi, basi akaweka mawe pa tatu. “Niliwaza,” akasema, “yeye mwenyewe atachagula.”

Ofisi nzima ikacheka, na Bwana Agent naye, baada ya Abner kumtafsiria. Mama Lucienne hakucheka. Alimgeukia Philémon:

“Nkambo yako iko na vitanda tatu, na ju ya ile bwana yangu atakosa hata kimoja.”

Philémon alikaa chini. Siku iliyofuata alikuja hapa akaondoa mawe yake yote matatu, kwa kuwa hakujua rundo la kweli ni lipi. Ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulimgharimu nkambo yake. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoendelea kumtania njiani, nao hawakuondoa jiwe hata moja.

Kisha Mama Lucienne akamwambia Abner afikishe neno kwa Bwana Agent. Nanukuu, maana niliandika akiwa anasema:

“Umuambie hivi. Kama hana hakika, achimbe. Lakini asitume muntu. Yeye mwenyewe njo atachimba, na mikono yake, na minyi nitasimama pale namuangalia.”

Ndugu zangu, mnajua kazi ya mkalimani mbele ya Bwana. Mnajua kwamba kuna namna ya kulainisha. Mtu akisema “sitaki,” mkalimani anasema “anaomba afikirie.” Mtu akisema “mnatuonea,” mkalimani anasema “ana shida kidogo.” Maneno mangapi yameingia ofisini yakiwa na meno, yakatoka upande wa pili yakiwa uji? Abner alikuwa na uhamisho mezani, au hakuwa nao bado. Hilo sikupewa kulijua. Alikuwa na mke, watoto, na nyumba ya Centre. Akatafsiri kila neno. Kutuma mtu alitafsiri. Mikono alitafsiri. Na kusimama kwa mama na kumwangalia, hilo nalo alilitafsiri, akimtazama Bwana Agent usoni.

Nami nataka haki itendeke kwa pande zote. Bwana Agent aliiweka kalamu chini, akasema kwamba hatachimba, wala hatatuma mtu achimbe. Akauliza kama kuna njia nyingine ya kujua. Ofisa anayeuliza swali akiwa hana jibu si jambo la kila siku katika kazi yangu, na siku ile nililiandika ukurasa wa kwanza.

Njia iliyopatikana ndiyo mliyoisikia kwa Chef. Kila kaburi liwe na mtu mmoja wa kulijibia, na mtu mmoja ajibie kaburi moja tu, asije mtu mwenye sauti kubwa akajibia shamba zima. Kwa Kifaransa Bwana Agent alisema répondant. Abner akatumwa kuandika tangazo jipya. Mtu mwingine angekifungua kitabu. Abner alikwenda sokoni. Alisimama mbele ya akina mama wa samaki, wale wale, akawauliza: nikisema mwenyewe wa kaburi, mnasikia nini? Mmoja akamjibu, “Mwenyewe wa kaburi ni ule iko ndani.” Akafuta. Nikisema msimamizi? “Ule wa mishahara.” Akafuta. Nikisema ndugu wa marehemu? Wakamwambia: basi wageni wote wa reli wamekwisha, maana ndugu zao wako mbali. Akafuta tena. Mwishowe akawauliza: mtu akiitwa na hayupo, yule anayesema “niko” badala yake, mnamwitaje? Wakasema, huyo ni wa kuitika. Akaandika: wa kuitika. Bwana Agent akasoma maelezo ya neno hilo kwa Kifaransa, akatia sahihi.

Naona Abner anatazama viatu vyake. Vumilia, Bwana Karani. Jumatatu utakuwa Bukama na hakuna atakayekusifu huko mpaka wakujue.

Kamati nayo ilizaliwa hapo, yenye Wakatoliki na Wametodisti, na neno langu juu yake ni fupi. Pasteur Esdras alipendekeza kwamba Wametodisti wafyeke upande wa Wakatoliki, Wakatoliki wafyeke upande wa Wametodisti, na mashariki wafyeke pamoja. Aliulizwa kwa nini. Akasema, “Kwangu mwenyewe nitasema kesho. Kwa jirani nitaona haya.” Mon Père alikubali kabla wazee wake hawajamaliza kukunja nyuso. Tazameni palivyo leo. Chef Kisimba, kwa upande wake, ameahidi kwamba mkaguzi wa Centre ataingia ndani kwa miguu. Nawaomba wanabaraza wamkumbushe ahadi hiyo hasa mwaka wa mvua nyingi.

Lakini nilisema kwamba kuna sharti, na sharti linabana mahali pamoja.

Katika mstari wa Mwenze, makaburi yote yamepata watu, isipokuwa moja. Ni lile linalogusana na la Mwenze, upande wa bonde. Amelala hapo kibarua aliyezikwa mwaka uleule, aliyekuja kwa treni kutoka mbali. Jina lake hakuna anayelijua. Walimwita Kaputula, kwa kuwa hakuonekana na suruali ndefu hata siku za baridi. Mama Lucienne amekwenda kambi ya reli, amekwenda misioni zote mbili, amekwenda kwa wazee wa kila mtaa. Kila mahali walimjibu kwa upole: si wetu. Yeye mwenyewe hawezi kumwitikia, maana atakuwa anamwitikia Mwenze. Na pengo likibaki kwa Kaputula, Mwenze anakwenda pamoja naye. Kwa hiyo mama huyu, aliyefyeka kaburi la mume wake, aliyeviona vijiti, aliyesema mbele ya ofisi maneno ambayo wanaume walikuwa wameyameza, angeweza kufika siku ya ukaguzi, akaitika kwa sauti nzuri, na barabara ikapita.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mpaka leo asubuhi, wakati viti vinapangwa. Nilikuwa kando ya pipa la maji. Philémon alimkaribia Mama Lucienne polepole, kama mtu anayekaribia mbwa wa jirani.

“Mama, ule Kaputula, aliisha kupata muntu?”

“Apana.”

“Minyi niko na miguu, sina kaburi. Yeye iko na kaburi, hana miguu.”

Mama Lucienne alimtazama miguuni.

“Weye ulimujua?”

“Apana. Weye utaniambia kidogo, kama baniuliza.”

“Bakikuuliza, sema alikuwa anakula sana. Kila siku alikuwa anakula kwetu. Hakuna muntu alikula bugali yangu vile.” Kisha akaongeza, na hapa nilipaswa kusogea ili nisikie: “Na uvae suruali mirefu, Philémon. Kaputula moja kwa nyinyi wawili inatosha.”

Nilimwendea Abner kumwuliza kama tangazo linamruhusu mtu asiye wa ukoo. Alinijibu kabla sijamaliza: “Wa kuitika. Sikuandika ndugu.”

Bwana Agent, sahihi yako iko chini ya neno hilo; nimeiona. Nakushukuru kwa hilo mbele ya watu hawa, na kwa heshima yote nakuomba siku ya ukaguzi ulisome kama lilivyoandikwa, kama vile Abner alivyokusomea wewe maneno ya Mama Lucienne kama yalivyosemwa. Huenda mtu ofisini akasema kwamba Philémon si ndugu wa Kaputula. Ni kweli, si ndugu yake. Lakini je, katika miaka yote hii, yule mwenye haki zaidi alikuwa wapi? Na ninyi mlio hapa, ambao mtaa wenu au kanisa lenu bado lina kaburi la mgeni lisilo na wa kuitika katika mstari wa pili, nyuma ya ule wa Mwenze: mnangoja ndugu gani ashuke kutoka treni gani?

Nimeongea vya kutosha. Bwana Abner Umba, kazi yako hapa Kamina nimeieleza kwa makosa yake na kwa wema wake, kwa kuwa wewe mwenyewe uliyasema makosa kabla yetu, ukiwa umesimama juu ya kichuguu, huna kofia kichwani. Bukama wana samaki wa kutosha. Kwa hiyo kamati inakupa unga wa mihogo wa hapa, uliotwangwa na akina mama wa pande zote mbili, na usiulize ni upi umetwangwa na nani. Usafiri salama, wewe na nyumba yako. Ukifika huko, kabla hujaandika tangazo la kwanza, tafuta soko liko wapi.

Bwana Agent, Chef, mababa wa kanisa, wazee, mama na ndugu zangu: mmesimama juani bila kunikatiza, na kwa hilo nawashukuru.

Ukaguzi ni Jumamosi tarehe 3 Novemba, siku inayofuata sala ya wafu, saa mbili asubuhi. Bwana Agent na Chef wataingia kwa lango hili kwa miguu na kuanzia upande wa mashariki. Anayeitika asimame kwenye kichwa cha kaburi, asikike. Kaburi la kwanza kuitwa ni la Mwenze, la pili ni la Kaputula. Kamati ilitaka kumwekea Mama Lucienne kiti. Amekikataa.